Springi Ilipokatika Mama Mkwe Akiwa Ndani

Wenzangu wa karakana, siku ya kuniaga mlinipa keki na saa ya ukutani, mkaniambia, "Mzee, andika unayoyajua kabla hujayasahau." Saa ile ilisimama wiki ya pili, lakini ahadi ni deni, kwa hiyo nimekaa naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na kila kimoja kilikuja na mafaili yake. Nitasema habari za milango, kwa sababu ndiyo iliyonilea, na habari za springi, kwa sababu moja yao nusura initie aibu mtaani kwetu Nyahanga, uzeeni, mbele ya mtu ambaye sikutakiwa hata kumtazama.

Nilianzia kwenye kiwanda cha kuchambua pamba mjini Shinyanga. Huko nilijifunza kupiga chafya tu. Kazi yenyewe niliijulia mgodini, kule Bugarama. Siku ya kwanza dirisha la stoo lilinipa buti mbili za mguu wa kushoto. Mwenye akili angerudi kusema. Mimi kazi ile nilikuwa nimeihangaikia sana, nikaogopa wasije wakasema huyu kaanza kulalamika hata jasho halijamtoka. Nikavaa kushoto kwa kushoto siku sita. Nikitumwa kwenye mtambo, najikuta nimeishia kantini.

Aliyeniokoa ni Mzee Nkwabi, fundi mkuu wa milango ya karakana. Aliitazama miguu yangu, akaitazama tena.

"Kijana, buti ya kulia umemwazima nani?"

"Zote ni za kushoto, mzee."

"Naona. Zinakuuma?"

"Kidogo tu, mzee."

Akainua mkono wake wa kulia. Ulikuwa na vidole vitatu. "Mimi pia ilikuwa kidogo tu. Springi ilinilalamikia wiki nzima, nikajifanya sisikii. Kitu kikilia hapa kazini, hata kama ni mguu wako, kisikilize siku hiyohiyo." Tangu hapo nikawa mtu wake.

Milango ya karakana ile ilikuwa mikubwa kuliko nyumba ya baba yangu. Haifunguki pembeni, inapanda juu. Mtu akiuinua kwa mkono mmoja anajiona ana nguvu. Wapi! Anayeinua ni springi, chuma kilichosokotwa kwenye shafti juu ya mlango, kikakazwa mpaka muda wote kinatamani kujisokotoa. Mlango unataka kushuka, springi inataka kuupandisha, wewe katikati unachukua sifa. Springi ikikatika, mlango unakumbuka uzito wake wote kwa mara moja, na sifa zako zinaishia hapo.

Kazi ngumu ya kwanza nilipewa mwaka wangu wa pili. Mlango umekwama, lori la maji liko ndani, watu wanapiga kelele nje. Nikashika spana. Mzee Nkwabi akaninyang'anya, akageuza ndoo, akanikalisha. "Itazame springi mpaka ikuchoshe." Nilitazama nusu saa nzima, huku dereva wa lori akitutukania koo zetu. Mwisho nikaona ufa mwembamba kama unywele, pale pale ambapo ningeegemeza bega. Tangu siku ile kanuni ninazijua kama sala. Usilegeze skrubu kabla chuma cha kukazia hakijaingia kwenye tundu lake. Simama pembeni, usisimame mbele. Hesabu robo kwa robo, kwa sauti, na mtu akikusalimia katikati ya hesabu usimjibu hata kama ni mchungaji wako.

Halafu kufuli. Ninyi mnalijua, lakini watoto wenu wakisoma wajue. Kabla ya kuugusa mtambo unauzima, unaufunga kwa kufuli lako jekundu lenye picha yako, na ufunguo unauvaa shingoni. Hakuna binadamu mwingine anayeruhusiwa kulifungua. Mimi kufuli nililipenda kupita kiasi, nakiri. Nilipostaafu walilidai stoo, nikalirudisha karibu nilie. Kesho yake nikanunua jingine sokoni Kahama, nikalipaka rangi nyekundu, nikabandika picha ya pasipoti. Siku moja nilibadilisha soketi ya sebuleni, nikafunga swichi kuu ya nyumba, nikaondoka kwenda msibani na ufunguo shingoni. Niliporudi samaki wa mke wangu walikuwa wameshaanza kunuka kwenye friji. Mama Kulwa aliwatoa akawakaanga. Alinipakulia samaki wale.

Sasa niseme habari ya nyumba. Tulijenga Nyahanga, hapa Kahama, na gereji ya gari pembeni. Mlango niliununua kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu aliyekuwa anabomoa jumba lake ajenge jingine kubwa zaidi. Mlango wa kupanda juu, wa chuma, wenye springi nene kama mkono wa mtoto. Niliufunga mwenyewe. Majirani walikuja kuutazama ukipanda na kushuka, na mimi niliupandisha na kuushusha hata pale ambapo hakuna aliyeniomba.

Lakini gari halikulala humo hata usiku mmoja. Aliyelala humo ni mama mkwe wangu.

Msicheke. Mnajua kwetu Usukumani mwanaume na mama wa mke wake wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja. Mkikutana njiani mmoja anaingia kwenye pamba za watu mpaka mwenzake apite. Siku hizi mjini watu wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao, sawa, dunia inatembea. Mama mkwe wangu hakutembea nayo. Jina lake silitaji, na hata kwenye karatasi hii sitalitaja. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilimjua kwa sauti, kwa kikohozi, na kwa mgongo wake ukitokomea nyuma ya nyumba. Kulala chini ya dari moja na mimi alikataa katakata. Basi akija kutoka kijijini, Mama Kulwa anamtandikia gereji. Kitanda, chandarua, ndoo, kiti. Gari linalala nje linapigwa na umande, mama mkwe analala ndani kwa raha zake.

Na hapa ndipo kosa langu lilipo. Gereji ilikuwa na mlango mdogo wa kuingilia ndani ya nyumba. Siku moja nusura tugongane pale, mimi nimejifunga taulo. Wiki hiyohiyo nikauziba kwa tofali, nikapiga na plasta. Nilijisifu kwa heshima ile. Mimi niliyefundisha vijana kwamba chumba cha kazi kisikose njia mbili za kutokea, nilimjengea mama wa mke wangu chumba chenye njia moja, na njia hiyo inaning'inia kwenye springi.

Mwaka huu macho yake yalikwisha kabisa. Mtoto wa jicho, yote mawili. Masika alijimiminia uji wa moto mguuni akidhani anamimina kwenye bakuli. Kulwa alimletea mtoto wake wa kwanza, kitukuu chake, akampapasa uso kwa vidole, akasema, "Ana pua ya kwetu," kisha akajifuta machozi kwa upande wa kitenge. Ikatangazwa kwamba madaktari wa macho wanakuja hospitali mjini Shinyanga. Mama Kulwa alimwandikisha. Tukapangiwa siku ya mwisho, saa tatu asubuhi, na tukaambiwa wazi kwamba asiyekuwepo jina lake likiitwa, nafasi yake anapewa mwingine, na madaktari wanarudi kwao. Watarudi lini? Muuguzi aliinua mabega.

Mlango ule ulikuwa unalia kwa wiki tatu. Kila ukipandishwa, kiii. "Baba Kulwa, mlango unalia." "Springi hiyo naijua, mke wangu." "Unalia, Baba Kulwa." "Nimesema naijua." Mganga hajigangi, wahenga walisema, na mimi nilihitimu.

Siku ya safari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, Mama Kulwa alikwenda kumtoa mama yake. Akaupandisha mlango mpaka magotini. Paa! Kishindo mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Mlango ukarudi chini, ukakalia ndala ya mke wangu. Bahati mguu alishautoa.

Ndani kitanda kikalia kidogo. Kisha sauti ikatoka, ya utulivu kabisa: "Mmepigana risasi?"

"Hapana mama, springi imekatika."

"Springi ni nani?"

Nilikuwa nimeshafika, kofia ngumu kichwani, bukta, na kufuli langu jekundu mkononi. Sijui nilitaka kufunga nini. Mkono ulilichukua wenyewe. Nikatazama mlango, nikaelewa mambo matatu kwa mpigo. Springi iko ndani. Reli ambayo ningeibana kwa kibano ili mlango usishuke iko ndani. Na ndani siwezi kuingia, kwanza hakuna pa kuingilia, pili kuna mama mkwe aliyevaa gauni la kulalia.

"Tusikurupuke," nikasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Leo baraka iko Shinyanga saa tatu," mke wangu akajibu.

"Kabla ya kazi tutaje hatari zilizopo. Hatari ya kwanza?"

"Ya kwanza ni mimi, Baba Kulwa."

Nikaona kikao kimefungwa.

"Mwambie mama akae mbali na zile nyaya za pembeni zinazovuta mlango," nikasema. Mama Kulwa akageukia mlango akarudia neno kwa neno. Sauti ya ndani ikajibu: "Mwambie nimemsikia tangu alipoanza." Mama Kulwa akanigeukia: "Anasema amekusikia." Kazi yote ile tuliifanya hivyo, watu wawili tuliotenganishwa na bati, tunapeleka salamu kupitia kwa mtu wa tatu aliyeanza kupata hasira.

Akatokea jirani yetu Mabula. Mabula ni mchimbaji mdogo wa dhahabu. Alikuwa ameamshwa na kishindo, na kwa mazoea yake aliwaza baruti tu. Alisikiliza, akaugonga ukuta, akapiga magoti, akachota udongo akaunusa.

"Laini huu. Nipe sururu, kwa saa moja na nusu namtoa kwa chini. Mimi nimetoa watu duarani, shimo la mita arobaini."

"Huyu yuko mita sifuri, Mabula."

"Ndiyo maana nasema saa moja na nusu tu."

Nikaleta jeki ya gari. Tukaingiza mtaimbo kwenye kona, tukapata upenyo, jeki ikakaa. Nikapampu, Mabula akafuata na vipande vya mbao, kila tunapopanda kidogo tunaweka mbao, maana mzigo ulioshikwa na jeki peke yake ni mzigo ambao haujashikwa. Tukafika usawa wa goti, jeki ikaishia hapo.

"Mwambie mama atambae sasa, njia iko wazi."

Ndani fimbo ikagonga sakafu. Kisha: "Mwambie sitambai."

"Mama jamani!" Mke wangu akapiga magoti. "Hatua mbili tu."

"Nipite mbele ya mkwe wangu kwa magoti, kama ninayeomba msamaha? Nimemkosea nini? Nirudisheni kijijini. Macho haya nimeshayazoea."

Mama Kulwa alikaa chini kwenye changarawe, ndala moja mguuni, akaanza kulia. Hakulia kwa sauti. Nilimtazama nikajisikia vibaya kuliko siku zote za kazi yangu. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Wiki tatu mlango ulilia, mke wangu akaniambia, na mimi mwenye vidole kumi kamili nikajifanya sisikii. Niliona aibu kweli.

"Basi tutauinua mpaka kifuani," nikasema. "Apite ameinama tu, fimbo mkononi, kama anayeingia kanisani."

Ilibidi wanaume wawili. Nilikuwa na mrunda mmoja tu, mti mrefu uliobaki tangu ujenzi, na huo utegemeze upande wa Mabula, yeye ashike katikati. Upande wangu nguzo ingekuwa mimi. Na hapo kila mmoja wetu akaliona tatizo, maana mama mkwe angepita karibu yangu kiasi cha kusikia pumzi zangu. Mama Kulwa akajifuta machozi, akavua kanga ya mabegani, akanivua kofia ngumu na kunizungushia kanga kichwani mara tatu mpaka nikaona giza.

"Kuinua mzigo mzito huku huoni," nikasema ndani ya kanga inayonuka kitunguu, "ni kosa la kufukuzwa kazi."

"Umeshastaafu. Nani atakufukuza?"

"Wewe."

"Basi inua."

Mabula akahesabu. Tukainua. Mlango ule ulikuwa na uzito wa magunia mawili ya mpunga, na magoti yangu yalinikumbusha umri wao, moja baada ya jingine. Kiunoni. Tumboni. Kifuani. Nikasikia mrunda ukigonga sakafu upande wa pili. "Njoo mama, inama, njoo," mke wangu anasema. Nikasikia fimbo, tok, tok. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi. Halafu nikasikia fimbo ikigonga mpini wa jeki, na mtu akayumba, na mikono miwili ikanikamata tumboni kwa nguvu zote.

Nikaung'ang'ania mlango.

Mikono ikapapasa. Ikashika mpira wa bukta. Ikarudi tumboni.

"Hii ni nini?" mama mkwe akauliza.

"Nguzo, mama," mke wangu akajibu.

"Mbona ina tumbo?"

"Ni nguzo ya zamani."

Nikasikia Mabula anatoa mlio kama sufuria inayochemka, na mlango ukaanza kutetemeka. "Mabula," nikasema ndani ya kanga, "ukicheka tumekufa." Mama mkwe akashtuka: "Nguzo inaongea?" Mama Kulwa akamwambia ni redio ya jirani. Mama akajiinua polepole, akaipiga nguzo makofi mawili mepesi, kama mtu anayepima tikiti sokoni, akaendelea na safari yake. Tuliushusha mlango kwenye mbao, na Mabula akalala chini akacheka mpaka akashikwa kikohozi. Mimi nilikaa na kanga yangu kichwani. Nilikuwa sitaki kuivua.

Tuliondoka saa moja kasoro kumi. Kanuni ya gari letu ni kwamba mama mkwe anakaa nyuma yangu na kioo cha ndani nakigeuzia darini. Mniwie radhi ninyi mnaofundisha udereva wa usalama. Isaka, Tinde, kila tuta nalipanda kama nabeba mayai. "Mwambie apunguze," sauti inasema. "Anasema upunguze." "Mwambie tutachelewa." "Anasema tutachelewa." "Mwambie basi aongeze." Tuliingia hospitali saa tatu na dakika sita. Muuguzi alikuwa mlangoni na orodha, ameshaita jina mara moja, anaita mara ya pili. Mama Kulwa akapaza sauti kutoka getini, "Yupo! Yupo! Yupo!" mpaka mlinzi akasimama wima.

Springi niliibadilisha wiki iliyofuata. Namna yake mnaijua, sirudii. Ukuta niliouziba nimeubomoa, mlango mdogo umerudi mahali pake, na taulo sitembei nalo tena. Lakini kesho yake baada ya upasuaji ndiyo ninayotaka kumalizia, kwa sababu katika kazi zangu zote hakuna iliyonilipa namna ile.

Walimfungua bandeji asubuhi. Mimi nilikaa mbali, mwisho wa korido, mahali pangu pa heshima. Nilimwona Mama Kulwa anatoka naye amemshika mkono, nikasimama haraka nitafute pa kujificha. Palikuwa na benchi tu na ukuta. Nikaanza kujipenyeza nyuma ya mzee mmoja mwembamba, akanikatalia.

"Mwambie asimame hapo hapo," mama mkwe akasema. Fimbo yake aliibana kwapani, haigusi chini. "Mwambie asiinamishe uso. Mara moja tu. Mungu atanisamehe, nimekaa gizani muda mrefu."

"Baba Kulwa, anasema usimame."

Nikasimama. Sikujua mikono niiweke wapi. Akanitazama, jicho moja jipya, jekundu kidogo, kuanzia viatu mpaka mvi, bila haraka, mpaka niliona aibu ya kijana anayekwenda kuposa.

"Kumbe na yeye amezeeka," akasema kwa sauti ndogo. Kisha, bila kumtuma mtu yeyote katikati, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, akanishukuru mimi mwenyewe: "Wabeja, mwanangu. Umenitunzia binti vizuri. Haya, sasa geuka."

Nikageuka. Ukutani palikuwa na tangazo kubwa la kunawa mikono, maandishi makubwa kabisa, nikalisoma tangu juu mpaka chini mara tatu, na sikuona hata herufi moja.